UZI: William Borucki, mzee aliyekataliwa mara nne kabla ya kutuhesabia sayari za nyota nyingine

Mtazama Anga (mleta mada)

Wakuu, kila mjadala wa sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa jua ukianza, majina ni yaleyale: Michel Mayor na Didier Queloz, Waswisi waliotangaza Oktoba 1995 sayari inayozunguka nyota 51 Pegasi, kisha 2019 wakapewa Nobeli ya fizikia. Wanastahili. Ila uzi huu si wao. Nawaletea mzee mwingine, asiye na Nobeli wala shahada ya uzamivu, aliyetumikia kituo kimoja cha kazi miaka 53, na ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyetutoa kwenye kuokoteza sayari moja moja akatufikisha kwenye kuzihesabu kwa maelfu, kwa chombo cha anga kiitwacho Kepler.

Anaitwa William Borucki. Alizaliwa Chicago 1939, akakulia Delavan, mji mdogo jimboni Wisconsin. Alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, akapata uzamili 1962, na mwaka huohuo akaajiriwa na NASA katika kituo chao cha utafiti cha Ames, California. Hapo ndipo alipokaa hadi alipostaafu 2015.

Kazi ya kwanza aliyopewa haikuhusu nyota hata kidogo. Ilikuwa enzi ya Apollo. Chombo kikirudi kutoka mwezini kinaingia kwenye angahewa kwa kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde, na hewa iliyo mbele yake inabanwa mpaka inawaka. Wahandisi wa ngao ya joto walihitaji kujua hewa hiyo inatoa mwanga na joto kiasi gani. Kijana akatengeneza vifaa vya kupima. Apollo ilipokwisha akahamia kwenye utafiti wa radi, kwanza hapa duniani na baadaye kwenye sayari nyingine kama Zuhura na Mshtarii, na 1982 akachukua uzamili wa pili, wa hali ya hewa, Chuo cha San Jose.

Msomaji wa haraka ataona mtu anayerukaruka fani. Mimi naona mtu aliyefanya jambo moja muda wote: kupima mwanga unaobadilika kidogo na kwa haraka, tena ukiwa umezingirwa na kelele. Alipoigeukia nyota, mkono ulishazoea.

Nitashusha kwa vipande. Maswali yaje tu.

Nusu Mwezi

Nimewahi siti ya mbele. Kabla hujaendelea mkuu, tusaidie sisi wa mtaa wa sanaa. Sayari haiwaki yenyewe, ipo mbali mamia ya miaka ya nuru, na iko ubavuni mwa nyota inayowaka vibaya sana. Wanaionaje?

Mtazama Anga

Mara nyingi hawaioni, mkuu. Wanaiona nyota yake.

Akina Mayor walitumia mtikisiko. Sayari inaivuta nyota, nyota inayumba, na mwanga wake unasogea kidogo kuelekea rangi ya buluu inapotusogelea, au nyekundu inapotukimbia. Mshtarii analiyumbisha jua letu kwa mita 12 na ushee kwa sekunde. Dunia inaliyumbisha kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Kasi ya kobe, na wewe unaipima kwa nyota iliyo mbali kiasi hicho.

Borucki alichagua njia nyingine: mpito. Ikitokea mzunguko wa sayari umelala sawasawa na mstari wa macho yetu, basi kila mzunguko sayari itapita mbele ya nyota na kuziba kipande cha mwanga. Sayari yenye ukubwa wa Mshtarii inaziba kama asilimia moja. Hiyo unaweza kuipata ukiwa ardhini. Ila Dunia ikipita mbele ya jua inapunguza mwanga kwa sehemu 84 kwa milioni. Chukua taa 12,000 zinawaka pamoja, zima moja, halafu mwambie mtu aliyesimama mbali akuambie saa ngapi umeizima.

Mwaka 1984 yeye na Audrey Summers walichapisha hesabu za jambo hili. Walihitimisha kwamba sayari kubwa zinaweza kusakwa kutoka ardhini, lakini kwa zenye ukubwa wa Dunia lazima utoke nje ya angahewa, kwa sababu hewa yetu inachezesha mwanga wa nyota kuliko sayari yenyewe inavyoupunguza. Mwaka uliofuata Borucki, safari hii pamoja na Jeffrey Scargle na Hugh Hudson, akaja na hesabu nyingine juu ya jua: je, jua lenyewe linapepesa kiasi gani? Kama nyota inapepesa kuliko mpito, mchezo umekwisha kabla haujaanza. Walitumia vipimo vya chombo kilichokuwa kikilitazama jua, wakaona upepesaji wake ni mdogo vya kutosha.

Wekeni alama hapo kwenye upepesaji wa jua. Itakuja kutuuma mbele.

Mzee wa Hesabu

Nichomekee kitu, maana wengi hawakijui. Wazo la mpito halikuanzia kwa Borucki na yeye mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. Otto Struve aliliandika 1952, kwenye karatasi fupi sana, na humohumo akasema hakuna sababu ya sayari kubwa kutokuwa karibu kabisa na nyota yake. Miaka 43 kabla ya 51 Pegasi! Hakuna aliyeenda kutafuta.

Halafu 1971 akaja Frank Rosenblatt, akachora mpango kamili wa kusaka sayari kwa mipito. Mtu huyu ndiye yuleyule aliyebuni mashine inayojifunza iliyoitwa perseptroni mwishoni mwa miaka ya 1950, babu wa mitandao ya neva ya kompyuta tunayoisikia kila siku. Alifariki kwenye ajali ya mashua mwaka huohuo wa 1971. Sasa sikilizeni: Desemba 2017 watafiti wawili, mmoja wa Google na mwingine wa Chuo Kikuu cha Texas, walitumia mtandao wa neva kupekua data za chombo cha Borucki wakapata sayari ya nane ya nyota inayoitwa Kepler-90. Mbegu mbili za mtu mmoja zimekutana miaka 46 baada ya yeye kuondoka. Mleta mada endelea.

Nusu Mwezi

Dah. Hiyo ya Rosenblatt ilistahili uzi wake.

Shaka Tupu

Mimi nakaa upande wa waliomkataa. Mzunguko kulala sawasawa na macho yetu ni bahati tupu. Kwa Dunia na jua uwezekano ni kama 1 kati ya 200. Na hiyo moja uliyoibahatisha inapita mara moja kwa mwaka, kwa saa zisizozidi 13. Ningekuwa kwenye kamati ningemwambia mzee arudi kwenye radi zake.

Mtazama Anga

@Shaka Tupu umeuliza swali la kamati yenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo.

Jibu la kwanza ni la kijinga kwa urahisi wake: kama ni 1 kati ya 200, tazama nyota zaidi ya 100,000 kwa wakati mmoja, usizifumbie jicho, na usubiri mipito mitatu ili uhakikishe inarudi kwa muda uleule. Ni miaka mitatu na zaidi ya kukodolea macho kipande kimoja cha anga. Hakuna darubini iliyowahi kutumiwa hivyo. Wanaastronomia hugombea usiku mmoja mmoja, huyu anaomba chombo kizima kitazame sehemu ileile miaka.

Sasa fuateni mlolongo.

1992 anapeleka pendekezo la kwanza, chini ya jina refu lililofupishwa kuwa FRESIP. Kamati inasema sayansi ni nzuri, ila vihisio vyenye usahihi huo havipo. Anakataliwa. Timu inarudi maabara kuvipima vihisio vya kamera za kidijitali kimoja baada ya kingine, na wanaonyesha kwamba ukivitumia kwa adabu, yaani nyota isihame kutoka pikseli zake, vinafikia usahihi unaotakiwa.

1994 anarudi. Safari hii tatizo ni fedha. Kamati inalinganisha na darubini kubwa za angani na kuona gharama haiingii kwenye fungu. Anakataliwa. Timu inabadili njia ya chombo: badala ya kukiweka mahali panapohitaji mafuta mengi ya kukitunza, wakiache kizunguke jua nyuma ya Dunia, kikichelewa taratibu.

1996 anarudi tena. Wenzake David Koch, Jill Tarter na Carl Sagan wamemshawishi aachane na lile jina lisilotamkika, mradi sasa unaitwa Kepler. Kamati inasema: hakuna mtu duniani aliyewahi kupima mwanga wa maelfu ya nyota kwa mpigo, kwa mashine, bila mkono wa mtu. Anakataliwa. Timu inajenga darubini ndogo inayoitwa Vulcan kwenye kituo cha Lick, California, nayo inapima nyota elfu kadhaa kwa mpigo bila msimamizi na kutuma data Ames.

1998 anarudi. Kamati inasema vizuri, vihisio vipo, gharama imeshuka, programu ipo, lakini hujathibitisha kwamba mfumo mzima utafanya kazi ukiwa angani, chombo kikitikisika na mionzi ikipiga. Anakataliwa mara ya nne.

Jibu la hilo la nne nalipenda kuliko yote. Nalipa posti yake.

Binti Fizikia

Ngoja kwanza mkuu. Miaka yote hiyo nani alikuwa analipa mshahara? Nauliza kwa sababu nipo kwenye njia hii. Mtafiti wa sasa anapewa mkataba wa miaka miwili mitatu, akikataliwa mara moja tu ameshaanza kutafuta kazi benki. Kataa mara nne, miaka minane, utakuwa umeshasahau nyota zinakaa wapi.

Mtazama Anga

@Binti Fizikia dada, hapo ndipo hadithi hii inaponoga na pia inapokuwa si ya haki. Borucki alikuwa mtumishi wa serikali mwenye ajira ya kudumu. Alikuwa na kazi nyingine za kufanya na Kepler ilikuwa inabebwa pembeni, kwa fedha kidogo kidogo za ndani ya kituo. Angekuwa na mkataba wa miaka miwili, tusingekuwa na uzi huu.

Na mfano wa upande wa pili upo. Bruce Campbell wa Kanada, pamoja na Gordon Walker, walianza kusaka sayari kwa mtikisiko wa nyota mapema miaka ya 1980. Walipitisha mwanga wa nyota kwenye chupa ya gesi ya hidrojeni floraidi, kitu chenye sumu kali, ili wapate alama za kulinganishia. Usahihi wao ulikuwa wa mita 13 hivi kwa sekunde, enzi ambazo wengine walikuwa wanahesabu kwa mamia ya mita. Walifuatilia nyota zisizofika 25 kwa miaka 12, wakapewa usiku wachache sana kwa mwaka. Campbell hakupata ajira ya kudumu, akaiacha astronomia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Agosti 1995 Walker na wenzake wakachapisha matokeo: hakuna sayari ya uhakika. Miezi miwili baadaye, 51 Pegasi.

Kinachouma zaidi, kwenye nyota yao mojawapo, Gamma Cephei, walishaiona dalili, wakasita. Mwaka 2003 ikathibitishwa kuwa ni sayari kweli.

Kwa hiyo tukimsifu mzee kwa subira, tukumbuke kuna watu waliokuwa na subira ileile na hawakuwa na mshahara.

Binti Fizikia

Asante. Na shahada ya uzamivu? Umesema hana. Leo bila hiyo nani atakusikiliza?

Mzee wa Hesabu

Leo kuongoza mradi wa namna ile bila uzamivu ni vigumu, tusidanganyane. Ila vyombo hivi havijengwi na wenye uzamivu peke yao. Mtu anayejua kuandika programu ya kupekua data, mtu wa macho ya lenzi, mtu wa vihisio, mtu wa takwimu, wote wamo kwenye orodha za waandishi wa machapisho ya Kepler. Mwanangu, kama unasoma fizikia sasa, shika takwimu na uandishi wa programu kwa mikono miwili. Darubini utaikuta huko huko.

Fundi Waya

Bado nasubiri lile jibu la kukataliwa kwa nne. Nimeona "maabara" nikavuta kiti.

Mtazama Anga

@Fundi Waya hii ni yako kabisa.

Wakaamua kujenga anga ndani ya chumba. Walichukua bamba la chuma wakalitoboa kwa leza matundu madogo sana, wakaliwashia taa nyuma. Kila tundu ni nyota. Chini wakaweka kihisio cha aina ileile ambayo ingeenda angani, wakakitikisa kama chombo kitakavyotikisika, wakaweka nyota kali karibu na nyota hafifu ili mwanga uvujie mahali usipotakiwa, na uchafu mwingine wote ambao kamati ilikuwa inauhofia.

Swali likabaki: mpito wa Dunia utauigizaje? Unatakiwa kupunguza mwanga wa tundu jembamba kwa sehemu 84 kwa milioni, halafu uurudishe. Hakuna kifuniko cha kusogeza kwa mkono kinachoweza hilo. Walichofanya ni kutandika waya mwembamba juu ya tundu, kisha kupitisha mkondo mdogo wa umeme. Waya ukipata joto unatanuka kidogo, unaziba mwanga kidogo zaidi. Kata umeme, waya unapoa, unasinyaa, mwanga unarudi. Sayari imepita.

Na mfumo uliiona. Pendekezo la 2000 likaingia kwenye mchujo, na Desemba 2001 Kepler ikapitishwa.

Fundi Waya

Waya kupanuka kwa joto! Jambo la kidato cha kwanza limeamua hatima ya mradi wa anga. Leo nalala vizuri.

Nusu Mwezi

Swali la mtu asiyejua: wakati huo si watu walikuwa wameshaona mipito tayari?

Mtazama Anga

Ndiyo, na ilimsaidia. Mwaka 1999 timu mbili, moja ikiwa na David Charbonneau na Timothy Brown, nyingine ya Gregory Henry na wenzake, ziliona sayari iliyokwishajulikana ikipita mbele ya nyota HD 209458. Mwanga ulishuka asilimia moja na nusu hivi. Charbonneau na Brown walitumia darubini ya upana wa sentimita 10. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema mipito ni ndoto za mchana.

Twende angani sasa. Kepler ilirushwa usiku wa tarehe 6 Machi 2009 kutoka Cape Canaveral kwa roketi ya Delta II. Ndani yake kioo cha mita 1.4 na kamera ya vihisio 42, pikseli milioni 95. Ilielekezwa kati ya makundi ya nyota ya Cygnus na Lyra, kipande cha anga kinachotosha kufunikwa na kiganja ukinyoosha mkono, ikakazia macho nyota kama 150,000. Kila nusu saa kipimo kimoja kwa kila nyota.

Agosti 2009 wakatoa jaribio la kwanza. Kulikuwa na sayari kubwa ya moto, HAT-P-7b, iliyojulikana tayari. Kepler haikuona tu sayari ikipita mbele ya nyota, iliona hata mwanga wa sayari yenyewe ukipotea ilipojificha nyuma ya nyota, tone la sehemu 130 hivi kwa milioni. Hilo linakaribia kabisa mpito wa Dunia. Kwangu mimi kamati zote nne zilijibiwa siku hiyo.

Yaliyofuata yalikuja kama mvua ya masika. Januari 2011 Kepler-10b, sayari ya mwamba, ukubwa wa Dunia mara 1.4, mwaka wake ni saa 20. Februari mwaka huo Kepler-11 yenye sayari sita. Septemba Kepler-16b, inayozunguka nyota mbili kwa pamoja. Aprili 2014 Kepler-186f, ya kwanza yenye ukubwa wa Dunia kupatikana kwenye ukanda ambao maji yanaweza kuwa kimiminika, japo nyota yake ni ndogo na nyekundu.

Na lile lililowashangaza wengi: aina ya sayari iliyotapakaa kuliko nyingine ni ile iliyo kubwa kuliko Dunia na ndogo kuliko Neptuni. Sisi kwetu haipo hata moja.

Shaka Tupu

Mimi bado sijatulia. Mwanga wa nyota umeshuka, sawa. Umejuaje ni sayari? Kukiwa na nyota mbili zinazozibana kwa mbali huko nyuma, na mwanga wao umeingia kwenye pikseli ileile, si utaona mshuko mdogo uleule?

Mtazama Anga

Utaona uleule kabisa. Ndiyo maana orodha za mwanzo ziliitwa za watahiniwa, si sayari. Kuna ukaguzi mwingi: kituo cha mwanga kinahama wakati wa mshuko? Mishuko ya witiri na ya shufwa ina kina tofauti? Umbo lake ni kama la sayari au kama herufi V ya nyota mbili? Kisha darubini za ardhini zinapima mtikisiko pale inapowezekana, hasa ile ya Keck kule Hawaii, na kifaa kinachoitwa HARPS-N kilichofungwa Visiwa vya Kanari 2012 kwa kazi ya aina hii.

Ila una hoja, na nisiifunike. Kepler-452b ilitangazwa Julai 2015 kwa mbwembwe kama binamu wa Dunia: mwaka wa siku 385, nyota inayofanana na jua. Mwaka 2018 watafiti waliowahi kuwa ndani ya mradi wakaandika kwamba kwa mipito michache na hafifu kiasi kile, huwezi kutenganisha kwa uhakika sayari na hitilafu za kihisio. Mimi nikiiona kwenye orodha naiwekea alama ya kuuliza.

Binti Fizikia

Na upepesaji wa jua? Ulisema utatuuma.

Mtazama Anga

Asante kwa kunikumbusha, dada. Hesabu zote za kabla zilichukulia kwamba nyota zinazofanana na jua zinapepesa kama jua. Kepler ikaonyesha kwamba nyingi zinapepesa zaidi. Ni kitu ambacho hakuna aliyeweza kukijua mapema, kwa sababu hakukuwa na chombo cha kukipima mpaka chenyewe kilipofika. Matokeo yake miaka mitatu na nusu iliyopangwa haikutosha tena kuzipata Dunia zinazozunguka majua, ikabidi waombe muda zaidi. 2012 wakakubaliwa hadi 2016.

Halafu magurudumu. Chombo kilikuwa na magurudumu manne yanayozungushwa na mota ili kukigeuza na kukituliza, na kinahitaji matatu ili kitulie barabara. Moja lilikufa Julai 2012. La pili Mei 2013. Kazi ya awali ikaishia hapo, na miaka minne ya data.

Wahandisi hawakukubali. Wakagundua kwamba ukikiweka chombo kwa pembe fulani, mgandamizo wa miale ya jua unagawanyika sawa pande zote mbili, basi jua lenyewe linakaa mahali pa gurudumu la tatu. Kuanzia 2014 kikaendelea kwa jina la K2, kikitazama vipande vya anga kwa siku kama 80 kila kimoja, hadi mafuta yalipokwisha Oktoba 2018. Amri za mwisho za kukizima zilitumwa tarehe 15 Novemba, siku aliyofariki mwaka 1630 Johannes Kepler, mwanaastronomia ambaye chombo kilipewa jina lake. Kufikia hapo sayari zilizothibitishwa kutokana na data zake zilikuwa zaidi ya 2,600.

Mzee wa Hesabu

Msisahau nyota. Vijana wanashangilia sayari wanasahau kwamba huwezi kujua ukubwa wa sayari bila kujua ukubwa wa nyota yake. Mpito unakupa uwiano tu. Nyota ikiwa kubwa kuliko ulivyodhani, sayari nayo inanenepa.

Na vipimo vile vya kila nusu saa vilisikia nyota zikitetema ndani kwa ndani, kama wanajiolojia wanavyosoma tumbo la Dunia kwa matetemeko. Mwaka 2011 timu ya Timothy Bedding ilitumia data hizo kutenganisha majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba, yanayounguza hidrojeni kwenye ganda na yale yaliyokwisha kuwasha heli kwenye kiini. Kwa nje zinafanana kabisa! Kwa maoni yangu urithi huo wa nyota unakaribia ule wa sayari, ila hauna picha za kuvutia magazetini.

Nusu Mwezi

Sasa nipeni jibu moja la moja kwa moja. Kuna Dunia nyingine au hakuna? Mzee alilenga kujua hilo tangu 1984.

Mtazama Anga

Mkuu, pacha kamili, yaani mwamba wa ukubwa huu, kuzunguka nyota kama jua, kwa mwaka kama huu, ukathibitishwa bila ubishi, bado. Alichotupa ni idadi. NASA walipoiaga Kepler 2018 walisema asilimia 20 hadi 50 ya nyota tunazoziona usiku huenda zina sayari ndogo, pengine za mwamba, kwenye ukanda wa maji. Huo upana wa kati ya 20 na 50 unatokana na lile tatizo la kupepesa pamoja na yale magurudumu mawili. Ukiukaribia mwaka mmoja wa Dunia, mipito inakuwa michache na hesabu inageuka makisio.

Shaka Tupu

Kwa hiyo kamati ya 1998 ingeshikilia kidogo tu, wakaweka magurudumu imara zaidi...

Mtazama Anga

@Shaka Tupu kamati ingeshikilia kidogo tu, mzee angestaafu chombo kikiwa kwenye makaratasi.

Binti Fizikia

Data ziko wapi? Naweza kuzigusa bila kuwa kwenye taasisi kubwa?

Mtazama Anga

Zote ziko wazi, dada, bure, kwenye hifadhi ya kumbukumbu za darubini za angani inayoendeshwa Baltimore, pamoja na za chombo kingine cha NASA, TESS, kilichorushwa Aprili 2018 na kinachotumia njia hiyohiyo ya mpito kwenye nyota angavu za karibu. Watu wa kujitolea wa mradi wa Planet Hunters, wengine hata fizikia hawakusoma, waliipata humo nyota ya ajabu KIC 8462852, ambayo mwanga wake ulishuka mpaka zaidi ya asilimia 20 bila mpangilio, na maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni vumbi. Anza na Kepler-10, mipito yake inajirudia kila baada ya saa 20, utakuwa na mamia ya kujifunzia. Na ukikwama kwenye kusafisha data njoo hapahapa, Mzee wa Hesabu ana siku nyingi hajapata mwanafunzi.

Mzee wa Hesabu

Nipo. Aje na swali moja kwa wakati, na grafu yake.